Maskati Iliyobaki Sandukuni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa familia zilizokwenda Maskati kukaa na jamaa zao, wengine wiki tatu, wengine likizo nzima ya skuli, na sasa wamerudi. Wanachouliza kinakaribiana: harufu ya nyumba ile, kahawa ile, picha zile, sauti za mabibi na mashangazi wanaosema Kiswahili kule Arabuni, vyote hivyo vitunzwe vipi. Tumejibu barua nane. Mwenye sanduku ambalo bado halijafunguliwa tunamwomba alifungue wiki hii, kwani unyevu wa pwani hausubiri.

*Tulinunua nusu kilo ya ubani soko la Mutrah. Kule nyumba ilinukia asubuhi na jioni na hakuna aliyekohoa. Hapa nikiutia kwenye chetezo unatoa moshi mweusi, macho yanawasha, na harufu ni ya kuungua. Je, tuliuziwa mbovu?*
— Mama wa watoto watatu, Tanga

Dada yetu, kabla ya kumlaumu muuzaji, tazama moto wako. Ndani ya chozi la ubani, yaani kipande kimoja kilichoganda, mna mafuta yenye harufu, utomvu na gundi. Mafuta huruka kwa joto la kiasi. Ukilitupa chozi juu ya kaa jekundu, utomvu na gundi huungua mara moja, na moshi wake mzito hufunika harufu yote uliyokuwa ukiitaka. Wenyeji wa Maskati hawauunguzi ubani, wanaupasha joto.

Fanya hivi. Tia mchanga mkavu au majivu ndani ya chetezo, kina cha vidole viwili, ili udongo wa chetezo usipasuke kwa joto. Washa kipande kimoja cha mkaa, kisizidi ukubwa wa kiberiti. Mkaa wa vifuu ni mzuri kwa sababu hauna harufu yake. Ule wa vidonge unaoshika moto kwa njiti moja hutiwa shura ili uwake haraka, kwa hiyo dakika za mwanzo hunuka baruti. Usiutilie kitu mpaka uwe mweupe wote. Kaa likishavaa majivu, lizike nusu katika mchanga na unyunyize majivu kidogo juu yake. Hapo ndipo uweke machozi mawili au matatu ya ubani, kila moja kama punje ya njegere, kando ya kaa na si katikati. Moshi unaotakiwa ni mweupe, mwembamba, unapanda polepole. Ukigeuka kijivu, sogeza ubani mbali zaidi. Vikibaki vipande vyeusi vinavyotokota, viondoe kwa kibano, maana hapo mafuta yameisha na kilichobaki ni cha kuwasha macho.

Dirisha moja liwe wazi muda wote, na chetezo kisilale chumbani na watu. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua.

Sasa kuhusu ubani wenyewe. Ubani wa Omani hutoka Dhofar, kusini, karibu kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Maskati. Mti hukwanguliwa gamba, na machozi ya mkwanguo wa kwanza hayahesabiwi kuwa ya maana. Yanayothaminiwa ni ya mikwanguo inayofuata. Unaosifiwa zaidi ni hojari: mweupe au wenye kijani hafifu, unaopitisha mwanga. Uliokoza manjano au kahawia ni wa bei ya chini, nao bado unafukizika vizuri. Ukitaka kuupima, chukua chozi dogo ulitafune. Ubani halisi kwanza huvunjika unga, kisha hujikusanya mdomoni kama chingamu laini. Ukiganda kwenye meno na kukaa na ladha ya rangi ya mbao, huo si ubani.

Uhifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali penye giza. Mfuko wa plastiki huacha harufu itoroke, na joto la jiko huyagandisha machozi yakawa bonge moja. Likishaganda, litie kwenye friza saa moja, kisha ligonge na mchi likiwa bado baridi. Litaachana.

*Tulikuwa watu wanne wenye simu nne, na picha ni zaidi ya elfu moja. Nimezikusanya zote kwenye kompyuta lakini zimevurugika: chakula cha usiku kinatokea kabla ya safari ya mchana, na nyingine zinaonyesha tarehe ya baada ya sisi kurudi. Nataka kutengeneza albamu moja ya watoto.*
— Msomaji wa Buruburu, Nairobi

Hapa kuna makosa mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni saa. Maskati iko saa moja mbele ya Nairobi. Simu yenye laini au Wi-Fi hujirekebisha yenyewe ukitua, lakini kamera, na simu iliyozuiwa kujirekebisha, hubaki na saa ya nyumbani. Kwa hiyo picha mbili za sekunde ileile zinapishana kwa saa nzima. Kabla ya kuchanganya chochote, weka picha za kila simu kwenye folda yake. Tafuta tukio moja lililopigwa na simu mbili, mathalani keki ikikatwa, ulinganishe saa zake. Ukishajua ni simu ipi iliyobaki nyuma, chagua picha zake zote kwa pamoja na uzisogeze mbele saa moja. Programu za kupanga picha kwenye kompyuta zina sehemu ya kusogeza muda wa picha nyingi kwa mkupuo. Usibadilishe moja moja, utachoka ukifika ya arobaini.

La pili ni WhatsApp. Picha ikipita huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na hupoteza kumbukumbu ya saa na mahali ilipopigwa. Ndiyo maana nyingine zina tarehe ya siku ulipotumiwa. Waombe wenye simu wakutumie upya zile unazozitaka kama hati, si kama picha. Hapo zinafika kama zilivyotoka kwenye kamera.

Ukubwa una maana siku ya kuchapa. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800. Ya A4 inataka 2,480 kwa 3,508. Iliyopunguzwa na WhatsApp inaweza kupita kwenye ile ndogo, lakini A4 itatoka na ukungu, na fundi wa studio hana la kufanya.

Kisha chagua 60 tu. Albamu ya picha 300 haifunguliwi mara ya pili. Tunachowaomba wazazi wote ni wasijaze misikiti na ngome peke yake. Picha za ngome zipo kila mahali. Picha ya jiko la shangazi, ngazi watoto walizokuwa wakikimbilia, viatu vilivyorundikana mlangoni na duka la pembeni walikotumwa mkate hakuna mwingine aliyenazo. Katika kila picha tano, mbili ziwe za namna hiyo.

Kwa kila picha andika nani, wapi, na neno moja lililosemwa siku ile. Kwa penseli laini, nyuma ya picha, pembezoni. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi, na alama yake hutokeza upande wa mbele.

Maelezo ya majengo yanakosewa sana, kwa hiyo tunayaweka hapa muyanakili. Ukisimama mbele ya kasri la Al Alam ukitazama bahari, ngome ya kushoto ni Mirani na ya kulia ni Jalali. Zote mbili zilijengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Ile iliyo kilimani juu ya barabara ya pwani ya Mutrah ni nyingine kabisa. Chetezo kikubwa cheupe kinachoonekana ukipita barabara hiyo kiko bustani ya Riyam. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001, na zulia lake la ukumbi wa wanaume lina takriban mita 70 kwa 60. Msiandike kwamba ndilo kubwa kuliko yote duniani, maana tangu 2007 la Msikiti wa Sheikh Zayed, Abu Dhabi, limelipita.

Albamu yenyewe iwe ya kurasa ngumu na pembe za kubandika, au ya mifuko. Epuka ile yenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu. Gundi ile hugeuka manjano, na katika joto letu picha hushikana nayo mpaka huwezi kuitoa bila kuichana.

*Nimetunza tiketi za makumbusho, stakabadhi za duka na pasi za ndege. Baadhi zimeanza kufutika. Nizipige laminesheni?*
— Mwanafunzi, Morogoro

Hapana, usizipige! Nyingi ya hizo ni karatasi za joto: hazina wino, maandishi hutokea pale kichwa cha mashine kinapopasha karatasi. Mashine ya laminesheni itaipasha yote, nawe utatoa kipande cheusi. Piga picha kila moja leo, mwanga wa dirishani, bila flashi. Kisha ziweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua na mbali na plastiki, ambayo nayo huharakisha kufutika.

*Mke wangu na mimi tumeshindwa kupika kahawa kama ile tuliyokuwa tukikaribishwa kila nyumba. Yetu inatoka nyeusi na chungu. Tunatumia buni nzuri na hiliki.*
— Mzee wa Kisauni, Mombasa

Shikamoo mzee wetu. Tofauti iko kwenye kukaanga. Kahawa yetu ya dele hukaangwa mpaka ikaribie weusi, ndipo ikapata ule uchungu tunaoupenda na kashata. Ile ya Omani mara nyingi hukaangwa kidogo, na ndiyo sababu kinywaji chake kina rangi ya chai hafifu.

Chukua gramu 200 za buni mbichi. Kaanga kwa moto mdogo kwenye kikaango kizito huku ukigeuza bila kupumzika. Baada ya dakika 8 hadi 10 utasikia punje zikianza kupasuka pa, pa. Zikifika rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, mimina kwenye ungo upepete. Usiziache kikaangoni hata kama umezima moto, kwa maana chuma kitaendelea kuzipika. Buni ya namna hii ni ngumu kuliko ile nyeusi, kwa hiyo itwange kwenye kinu cha chuma, iwe chengachenga na si unga.

Chemsha maji lita 1, tia vijiko 3 vya chakula vya buni, punguza moto, iache itokote polepole dakika 12. Epua. Sasa ndipo utie hiliki, kijiko 1 cha chakula iliyopondwa muda uleule. Ukiitia mwanzoni, harufu yake yote huondoka na mvuke, na ndiyo maana wengine huzidisha hiliki mpaka kahawa ikawa kali na bado hainukii. Wapendao zafarani waroweke nyuzi sita au saba katika kijiko 1 cha chai cha marashi mawaridi, kisha wamimine. Pasizidi kijiko hicho, vinginevyo mtakunywa sabuni. Hakikisheni ni marashi ya kula, si ya kunyunyizia. Yale yanayokamuliwa Jabal Akhdar kwa njia ya kale yana harufu kidogo ya moshi. Hayajaharibika, ndivyo yalivyo.

Funika dakika 5 machicha yashuke, chuja kwenye chupa ya chai. Sukari haitiwi, utamu ni tende, na hutangulia kuliwa. Jaza finjani theluthi tu ili isipoe mkononi. Mgeni aliyetosheka huitikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha. Wafundisheni wajukuu hilo nalo, maana walikuwa wakilitazama kwa makini kuliko mnavyodhani.

*Watoto hawataki chochote ila ule mkate wenye krispi ndani.*
— Baba wa pacha, Mwanza

Ule ni mkate wa tabaka, unaopakwa jibini laini, ukatiwa viazi vya pakiti vya Chips Oman vilivyovunjwavunjwa. Kwetu tumia chapati ya maji moto iliyokunjwa vizuri, ikiwa bado ya moto. Paka vijiko 2 vya chakula vya jibini ya kupaka, nyunyiza ujazo wa kiganja wa krispi zenye pilipili, kunja kama mrija, wape hapo hapo. Baada ya dakika tano krispi hunywa unyevu wa jibini na raha yote ni ule mlio wa kutafuna. Kwa chai yake: maji nusu lita, majani vijiko 3 vya chai, hiliki 6 zilizopasuliwa, sukari. Ichemke dakika 5, mimina kopo dogo la maziwa mazito yasiyo na sukari, iache ipande na kushuka mara tatu. Isipopanda mara tatu inabaki chai ya maziwa tu.

*Haluwa tuliyoletewa imekuwa ngumu kama raba baada ya kuiweka kwenye friji.*
— Bi harusi mpya, Wete

Friji ndiyo iliyoifanya hivyo. Haluwa ni wanga, sukari na samli, na wanga uliopikwa ukipata baridi hukaza. Weka bakuli lake juu ya sufuria ya maji yanayotokota, ongeza kijiko 1 cha chai cha maji ya moto kwa kila robo kilo, koroga dakika 10. Itarudi. Baadaye itunze nje, kwenye bakuli lenye kifuniko, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Tone la maji juu yake ndilo linaloota ukungu.

*Mwanangu alipewa na babu yake kofia ya kushonwa kwa mkono. Imeshika jasho na imelegea. Huku hakuna fundi anayezijua.*
— Mama, Bujumbura

Kofia hiyo, ambayo Waomani huiita kumma na ambayo ni ndugu ya kofia zetu za Unguja na Lamu, uzuri wake ni matundu madogo yaliyozungushiwa uzi. Matundu hayo ndiyo yanayokufa ikifuliwa vibaya. Usitumie brashi, usitumie jiki, usiikamue.

Iloweke nusu saa kwenye maji baridi yenye kijiko 1 cha sabuni ya maji isiyo kali. Ukanda wa ndani unaogusa paji la uso usugue kwa vidole tu. Suuza maji matatu. Sabuni ikibaki itageuka manjano wakati wa pasi.

Wanga wake ni huu: koroga kijiko 1 cha chakula cha unga wa muhogo uliochujwa na vijiko 2 vya maji baridi, kisha mimina maji ya kuchemka nusu lita huku ukikoroga. Ukimimina polepole mno utapata madonge, na madonge hukaa kwenye ushoni. Chuja kwa kitambaa, ngoja upoe, chovya kofia yote, ikandamize kwa taulo.

Kuikausha ndiko kunakotaka umakini. Pima kichwa cha mtoto kwa futi ya cherehani juu kidogo ya masikio, tafuta kopo au bakuli lenye mzunguko huohuo, livishe mfuko wa plastiki, kisha livishe kofia. Nyoosha kile kipande cha juu kiwe tambarare. Kabla wanga haujakauka, pitisha njiti ya meno kwenye matundu yaliyoziba, moja baada ya jingine. Ni kazi ya dakika ishirini, na ukiiruka hutaweza kuirudia, kwa sababu wanga mkavu hukata uzi. Anika kivulini. Ikibaki na unyevu kidogo, piga pasi ya joto la kati kwa ndani.

Kichwa cha mtoto kitakua. Ikishambana, isikatwe wala kuongezwa kitambaa. Ijaze karatasi laini nyeupe, uitunze.

*Bibi wa mume wangu, anayeishi Maskati, aliwasimulia watoto mambo mengi kwa Kiswahili cha zamani. Tuna vipande vya sauti alivyotutumia kwa simu tu. Tunaogopa vitapotea.*
— Msomaji, Michenzani, Unguja

Vinapotea kweli, na mara nyingi siku mtu anaposafisha simu iliyojaa. Kwenye simu za Android vipande hivyo hukaa folda ya WhatsApp iitwayo Voice Notes, vikiwa na majina ya tarehe na namba tu. Vinakili kwenye kompyuta kabla ya kufanya lingine lolote, kisha badilisha jina la kila kimoja: tarehe, msemaji, mada. Weka nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Flashi peke yake si hifadhi.

Kisha mwombeni bibi ruhusa mrekodi zaidi, akiwa na mjukuu karibu naye wa kushika simu. Simu iwe shibri moja na nusu kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu inayodunda. Kiyoyozi kizimwe kwa muda huo. Sikio huzoea mvumo wake, lakini kinasa sauti hakizoei, na maneno ya mwisho ya sentensi humezwa. Dakika 20 zatosha kwa siku moja.

Msimwambie "tuhadithie maisha yako", atasema machache na kunyamaza. Mpeni kitu mkononi au mumtajie kitu kimoja: sufuria ile, njia ya kwenda kisimani, nguo ya Idi. Akitaja neno msilolijua msimkatize. Mjukuu aandike dakika lilipotokea, na muulize mwishoni, huku mnarekodi, lina maana gani na nani alikuwa akilisema.